Mtoto asiyelipia tuisheni: jibu kwa mjumbe wa kamati ya shule

Swali: "Binti yangu yuko darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Darasa lao lina wanafunzi 87. Kila siku vipindi vikiisha, mwalimu wao wa darasa hubaki na wale waliotoa shilingi 500 akawafundisha tuisheni kwa saa moja na nusu. Wanaobaki ni kama arobaini, wengine wote hurudi nyumbani. Muhula uliopita hali ilinibana nikamsimamisha, naye akashuka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 21. Mimi pia ni mjumbe wa kamati ya shule, na wenzangu wamegawanyika: wapo wanaotaka tuisheni ipigwe marufuku, na wapo wanaosema bila tuisheni shule itaanguka mtihani wa darasa la saba. Naomba kujua, tuisheni inaongeza ufaulu kweli, au inawanyanyua wenye pesa tu? Nimrudishe mtoto? Na kamati ifanye nini?"

Jibu: Ndugu mzazi, barua yako umeiandika ukiwa na kofia mbili, ya mzazi na ya mjumbe wa kamati, na nitakujibu kwa kila moja peke yake, kwa sababu linalomfaa binti yako wiki ijayo laweza kutofautiana na linaloifaa shule mwaka ujao. Msimamo wangu nautanguliza. Masomo ya ziada yanaweza kumsaidia mtoto, na ushahidi wake upo. Lakini tuisheni ambayo mwalimu anawauzia wanafunzi wake mwenyewe, kwa somo lilelile analolipwa na serikali kulifundisha asubuhi, ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo kamati yako inapaswa kulikomesha.

Tuanze na nafasi ya 21, kwa maana naona ndiyo iliyokuumiza. Nafasi ni ulinganisho: haisemi mtoto anajua nini, inasema wangapi wamempita. Binti yako anaweza kuwa amepata alama zilezile za muhula uliotangulia, au hata zaidi kidogo, na bado akashuka nafasi 12 kwa sababu wenzake arobaini wamefanyishwa mazoezi yanayofanana na maswali ya jaribio. Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi: majaribio ya kila mwezi hutungwa na nani? Kama ni mwalimu huyohuyo, basi hata asipokusudia ubaya wowote atatunga kutokana na yale aliyoyafundisha karibuni, na sehemu ya hayo ameyafundisha alasiri mbele ya nusu ya darasa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hautungwi na yeye. Hutungwa na Baraza la Mitihani kwa nchi nzima, na faida ya kuuzoea mkono wa mwalimu wako huishia kwenye lango la shule. Kwa hiyo chukua karatasi za majaribio ya mihula yote miwili, weka nafasi kando, linganisha alama somo kwa somo, kisha uangalie ni maswali gani aliyokosa. Akiwa amekosa mada moja inayojirudia, kwa mfano desimali na asilimia, una tatizo dogo lenye dawa yake. Akiwa amekosa huku na kule bila mpangilio, huenda hana tatizo jipya lolote.

Sasa, je, tuisheni huongeza ufaulu? Ukilinganisha matokeo ya watoto wanaokwenda na wasiokwenda, mara nyingi utakuta wanaokwenda wako juu, lakini ulinganisho huo hauthibitishi kitu. Wanaokwenda ni watoto wa wazazi wenye kipato zaidi, wenye meza na taa nyumbani, wanaoulizwa jioni wamesoma nini. Wangeweza kuwa juu hata tuisheni isingekuwapo. Wapo pia wanaopelekwa kwa sababu wameshaanguka, na hao huushusha wastani wa kundi zima, hivyo takwimu zinavutwa huku na huku. SACMEQ, ule mtandao wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika uliowapima wanafunzi wa darasa la sita mnamo mwaka 2000 na tena mwaka 2007, Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zikiwemo, uliwauliza pia kuhusu masomo ya ziada. Uhusiano uliojitokeza kati ya masomo hayo na alama haukuwa mkubwa, tena ulibadilika kutoka nchi hadi nchi. Anayekuambia kwamba tafiti za namna hiyo zimethibitisha tuisheni ndiyo siri ya ufaulu amezisoma haraka mno.

Ushahidi wenye nguvu zaidi hutokana na majaribio ambamo kura ndiyo inayoamua ni nani apate msaada na nani asubiri, kwa sababu hapo makundi mawili yanaanza yakiwa sawa. Mwaka 2020 watafiti Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walizikusanya tafiti 96 za namna hiyo, na ongezeko la wastani waliloliona ni kubwa: mtoto aliyekuwa wa 50 kati ya watoto 100 angesogea hadi karibu nafasi ya 36. Wafanyabiashara wa tuisheni wangependa kuishia hapo. Lakini tafiti hizo ni za nchi tajiri, na zilihusu mwalimu au msaidizi aliyefunzwa, akiwa na mtoto mmoja au wachache, mara kadhaa kwa wiki, kwa mpango unaofuatiliwa. Zaidi ya hayo, msaada uliotolewa ndani ya saa za shule ulizaa matunda zaidi kuliko ule uliotolewa baada ya shule, na jambo hilo nitalirudia nitakapofika kwenye kamati yako.

Linganisha na darasa la binti yako. Watoto ni arobaini, mwalimu ni yuleyule aliyesimama mbele yao tangu asubuhi, na kazi yenyewe, kama ilivyo katika tuisheni nyingi za mijini, ni kusolvu pepa za miaka iliyopita: swali linasomwa, jibu linatajwa, herufi inasilibwa, tunakwenda linalofuata. Kazi hiyo ina faida kwa mtoto ambaye tayari anajua somo na anahitaji kuzoea mtindo wa mtihani. Kwa mtoto asiyeweza kusoma swali lenyewe haina faida yoyote, na usidhani darasa la sita hawapo. Tafiti za Uwezo, zinazopima watoto majumbani kwa hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili, zimeonyesha tena na tena kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuisoma hadithi hiyo, na kwamba baadhi hufika darasa la saba bado ikiwashinda. Hao ndio wanaohitaji saa ya ziada kuliko wote, na kwa kawaida ndio wasiokuwa na shilingi 500.

Yako majaribio yaliyowalenga hao hasa. Katika miji ya Mumbai na Vadodara nchini India, shirika la Pratham liliajiri wasichana wa mitaani kwao waliomaliza sekondari, kila mmoja akapewa kundi la watoto kama 15 hadi 20 waliobaki nyuma, akawatoa darasani kwa saa mbili ndani ya siku ya shule na kuwafundisha mambo ya msingi waliyoyakosa. Wanauchumi waliopima matokeo, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakiwemo, walikuta alama zimepanda, na waliopanda zaidi ni wale wa mkiani. Magharibi mwa Kenya, jaribio lililoanza mwaka 2005 katika shule 121 liliwagawa watoto wa darasa la kwanza wa baadhi ya shule katika mikondo miwili kwa kadiri ya uwezo wao wa wakati ule. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mkondo wa juu na mkondo wa chini yote miwili ilikuwa imewapita wenzao wa shule zilizochanganya, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Msaada wa ziada unafanya kazi pale unapoanzia kwenye kiwango cha mtoto. Katika majaribio hayo mawili hakuna mzazi aliyetakiwa kulipia msaada huo.

Nije sasa kwenye kiini cha barua yako, yaani mwalimu kuwauzia wanafunzi wake. Mtafiti Seema Jayachandran alilichunguza jambo hili nchini Nepal na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Hoja yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuikwepa. Mwalimu akiwa na ruhusa ya kuuza masomo ya jioni kwa wanafunzi wake wa asubuhi, kila mada anayoifundisha vizuri asubuhi inapunguza wateja wa jioni, na kila mada anayoiacha nusu inawaongeza. Si lazima mwalimu awe mtu mbaya. Inatosha awe amechoka, awe na watoto wanaosoma na kodi ya nyumba inayodaiwa, na ajue kwamba mada ya eneo na mzingo itapata muda wa kutosha saa tisa. Jayachandran alikuta dalili kwamba pale shule inapouza masomo hayo, ufundishaji wa darasani hupungua, na wanaoumia ni wasiolipa, ambao sasa wanapata pungufu ya kile ambacho wangekipata kama tuisheni isingekuwapo kabisa. Hapo ndipo penye tofauti na tuisheni ya kituo cha mtaani au ya mwalimu mstaafu anayefundisha nyumbani kwake. Hiyo inaweza kumwongezea anayelipa bila kumgusa asiyelipa, lakini ya mwalimu wa darasa inaweza kumpunguzia asiyelipa haki aliyokuwa nayo tayari.

Tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe. Watoto arobaini kwa shilingi 500 ni 20,000 kwa siku. Kwa siku 20 za masomo ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa upande wa mzazi, mwaka wa shule una siku zipatazo 190, kwa hiyo mtoto mmoja analipiwa kama shilingi 95,000 kwa mwaka. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hutengwa kwa ajili ya vitabu. Yaani katika chumba kimoja cha darasa, mtoto anayelipa ameongezewa na mzazi wake karibu mara kumi ya kile ambacho mwenzake wa dawati moja ametengewa na umma mbali na mshahara wa mwalimu. Waraka wa elimu bila malipo wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ulikusudia kuondoa ada na michango ya lazima, na kweli uliwaleta shuleni watoto ambao wasingefika. Ila ada iliyotolewa mlangoni imerudi alasiri, sasa ikiitwa hiari. Na hiari yenyewe ina walakini, kwa sababu mzazi anayejua kwamba mwalimu anayemkataa alasiri ndiye atakayemsahihishia mwanawe asubuhi hana uhuru mkubwa wa kukataa.

Sisemi haya ili kumgeuza mwalimu adui. Tuisheni ya nchi hii ilikua pale mishahara ya walimu ilipopoteza thamani katika mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980, na ikakomaa madarasa yalipofurika. Mwalimu mwenye wanafunzi 87 hawezi kusahihisha madaftari 87 kila siku kwa makini, nami simlaumu asipoweza. Mwalimu wenu, kwa jinsi ulivyomweleza, walau anafundisha.

Tuwatazame wale 47 wanaorudi nyumbani. Kwa kawaida kundi kama hilo si la aina moja. Wamo wasio na pesa, wamo wasichana wanaosubiriwa kuchota maji na kupika, wamo wanaokaa mbali na hawawezi kuingia njiani saa za jioni, wamo wanaokwenda madrasa alasiri, na wamo wachache ambao wazazi wao wameona mtoto anahitaji kucheza. Ukilipunguza swali la usawa likawa swali la pesa peke yake, utawasaidia wa kwanza na kuwasahau wengine wote. Hata ukiwalipia wote shilingi 500, msichana anayesubiriwa na ndoo bado hatabaki. Ndiyo maana suluhisho lolote linalowekwa baada ya kengele ya mwisho huacha watu nje, na ndiyo maana naipa uzito mkubwa ile sehemu ya utafiti inayohusu saa za shule.

Liko pia suala la kile kinachogombewa. Sehemu ya tuisheni hununua maarifa, na sehemu hununua kumpita mwingine. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, mtoto anayefaulu darasa la saba hukosa nafasi ya kidato cha kwanza kwa nadra kuliko zamani. Kinachogombewa zaidi ni shule gani, hasa zile chache za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala, na za bweni. Nafasi za shule hizo hazizidi kwa sababu watoto wamesoma saa nyingi zaidi. Kama darasa zima lingekwenda tuisheni, wazazi wote wangelipa, watoto wote wangechoka, na idadi ya watakaochaguliwa kutoka wilayani kwenu ingebaki ileile. Kwa mzazi mmoja hoja hii haina msaada, maana yeye anamtazama mwanawe. Kwa kamati ina maana kubwa, kwa sababu kamati inawajibika kwa watoto wote 87.

Je, mpige marufuku? Nakushauri msiishie hapo. Korea Kusini ilipiga marufuku tuisheni binafsi mwaka 1980, chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, kwa adhabu kali. Biashara ilijificha, walimu wakaenda majumbani kwa siri, na bei ya siri huwaacha wenye fedha peke yao sokoni. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta marufuku hiyo, na leo Wakorea ni miongoni mwa watu wanaotumia pesa nyingi zaidi duniani kwa masomo ya ziada, kiasi kwamba mji wa Seoul umelazimika kuamuru vituo vifunge saa nne usiku. Hapa jirani, Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza kuwafundisha wanafunzi tuisheni wakati wa likizo, na adhabu yake hufika faini ya shilingi 100,000 za Kenya au kifungo cha mwaka mmoja. Biashara haikufa, mara nyingi ilibadili jina tu. Marufuku isiyoweka kitu mahali pa kile ilichokiondoa huwaachia wazazi hofu ileile na kuwaondolea mahali pa wazi pa kuipeleka.

Yapo mambo ambayo kamati inayaweza. La kwanza, ambalo nisingekubali lipunguzwe, ni kanuni kwamba mwalimu hapokei pesa kutoka kwa mwanafunzi anayemfundisha na anayemsahihishia. Akitaka kufundisha watoto wa shule nyingine Jumamosi, hilo ni jambo lake na mwajiri wake. Kanuni hii ni rahisi kuisimamia kuliko marufuku ya jumla kwa sababu haihitaji kumfuata mtu mtaani: inatazama jambo moja linalotokea ndani ya uzio wa shule. Iendane na nyingine, kwamba mada yoyote ya mtaala inafundishwa kwa mara ya kwanza katika kipindi cha kawaida, na kwamba majaribio ya mwezi ya darasa la sita na la saba hayatungwi na mwalimu wa darasa peke yake. Afisa Elimu Kata anaweza kuwakutanisha walimu wa shule za kata yenu wakabadilishana maswali, jambo ambalo kata nyingi hulifanya tayari kwa mitihani ya pamoja. Hapo hata wewe utaijua nafasi halisi ya binti yako.

Halafu kuna saa yenyewe. Mwombeni mwalimu mkuu, kwa makubaliano na walimu, atenge kipindi kimoja kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa ajili ya masomo rekebishi ndani ya ratiba. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita wapimwe wote kwa hadithi ya darasa la pili na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kazi ya siku mbili kwa walimu watatu, kisha wagawanywe kwa kiwango bila kujali darasa wala malipo. Kundi la chini lazima liwe dogo na lipewe mwalimu mvumilivu kuliko wote, na hilo ndilo linaloshindikana katika shule nyingi, kwa sababu mwalimu hodari hupelekwa darasa la saba. Kama walimu hawatoshi, watafuteni vijana waliomaliza kidato cha sita. Wanafanya mtihani mwezi wa Mei na vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba, na wasiokwenda mafunzo ya JKT wako mtaani wakisubiri. Wasichana wale wa Mumbai hawakuwa na elimu zaidi ya hiyo. Posho yao inaweza kutokana na michango ya hiari inayopitia kamati kwa kibali cha halmashauri, inayotangazwa kwenye mkutano wa wazazi, na isiyoambatanishwa na jina la mtoto yeyote. Wazazi hamsini wakitoa shilingi 3,000 kwa mwezi mnapata 150,000, na bado kila mmoja ametoa chini ya theluthi ya zile 10,000 za tuisheni ya mwezi.

Walimu watauliza, na wana haki ya kuuliza, wao wanapata nini. Jaribio la KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti katika shule 350 za wilaya kumi za Tanzania mwaka 2013 na 2014, linafaa kutajwa katika kikao hicho. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha ongezeko la maarifa ya watoto, na motisha ya walimu peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Shule ambako ruzuku iliambatana na malipo kwa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu stadi za kusoma na kuhesabu ndizo zilizopanda waziwazi. Kamati haiwezi kulipa motisha kama ile, lakini fikra yake inaweza kuazimwa: kama kuna posho, hata kidogo, ifuate maendeleo ya watoto wote, hasa walioanzia chini, badala ya kufuata mfuko wa mzazi.

Nimrudie binti yako. Usiku wa leo mpe hadithi ya kitabu cha darasa la nne, asome kwa sauti, kisha akusimulie kwa maneno yake, na umpe hesabu kumi za kugawanya na za desimali. Mtoto aliyekuwa wa 9 kati ya 87 ninatarajia atazimudu. Akikwama mahali fulani, mtafutie mtu nje ya shule wa kumfundisha mada hiyo tu, akiwa na watoto wasiozidi watano, kwa wiki sita au nane, na umwombe akuonyeshe mwanzoni na mwishoni mtoto anaweza kufanya nini. Usilipe kwa mwezi bila kikomo. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali wapi watoto walikosea na kwa nini. Pepa za mtaani hazifiki hata nusu ya manufaa ya taarifa hizo, na ajabu ni kwamba wazazi wachache sana wanajua zipo. Ukikosa mtu wa karibu, usiidharau simu: huko Botswana, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, mwalimu aliyempigia mtoto na mzazi wake kama dakika 20 kwa wiki, pamoja na kutuma hesabu kwa ujumbe mfupi, aliinua maarifa ya hesabu, na baadaye mpango wa namna hiyo ulijaribiwa Kenya, Uganda na kwingineko. Kama una dada au mjomba aliyesoma na anayekaa mbali, umempata mwalimu.

Akizimudu zote, usimrudishe kwenye tuisheni ya darasa la sita, hata ikibidi abaki nafasi ya 21 hadi kamati imalize kazi yake. Zile shilingi 95,000 ziweke. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na katika miezi hiyo mitatu na zaidi mtoto wa shule ya Kiswahili hukaa nyumbani ilhali siku ya kwanza ya sekondari atafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, akiwa dawati moja na aliyetoka ingilishi midiamu. Pengo hilo ni pana kuliko lolote ambalo tuisheni ya sasa inaweza kuliziba, nalo humgusa kila mtoto wa shule za umma, wa nafasi ya kwanza na ya 87. Kozi nyingi za prifomu wani hukimbilia mada za kidato cha kwanza na kumkaririsha mtoto maneno asiyoyaelewa. Mtafutie inayomfundisha kusoma na kuandika Kiingereza chenyewe, saa mbili kwa siku, ikiwa na kitabu cha hadithi anachokimaliza, na uhakikishe mwalimu anamwachia mtoto aongee zaidi kuliko yeye.